UZI: Kutoka Mafinga hadi Hifadhi ya Ziwa Manyara kuangalia ndege. Simba hatukumwona, shangazi katuaibisha wote

MbaoZaMafinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene. Na wa Mbeya, ugonile.

Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo naomba kiti.

Nauza mbao hapa Mafinga. Desemba mvua zikishachanganya, barabara za mashambani zinateleza, malori yanalala na sisi tunabaki kuhesabu milunda uani. Basi kijana wangu wa darasa la tano akafunga shule, akaja na swali lake: "Baba, kweli kuna simba wanalala juu ya mti?" Nikamwambia kweli, wako Manyara. Akaniuliza, "Wewe umewaona?" Nikakaa kimya. Safari ilianzia hapo.

Tulikwenda watano: mimi, mama watoto, kijana, shemeji yangu ambaye ndiye dereva, na shangazi. Shangazi hakuwa kwenye hesabu. Ana miaka 70 kasoro, amezaliwa Pawaga, hapa hapa Iringa, sasa anakaa kwetu na ana shamba lake la mahindi. Kusikia tunaondoka akasema palizi inamsubiri, hawezi kwenda popote. Kesho yake saa kumi alfajiri nikamkuta amekaa kwenye gari, mkoba magotini, mtandio umefungwa. Sikuuliza.

Njia, kwa wanaotaka: Mafinga hadi Iringa ni kama kilometa 80. Iringa unapanda na kushuka Nyang'oro, unapita Migori, unavuka Mtera, unaingia Dodoma. Hicho kipande ni kama kilometa 260. Kutoka Dodoma unapitia Kondoa hadi Babati, kama 250 nyingine. Lami mwanzo mwisho. Zamani mtu wa Iringa akienda Arusha ilibidi azungukie Morogoro na Chalinze, lakini tangu lami ya Dodoma–Babati izinduliwe 2018, kazi imekuwa ya siku moja kama dereva hana haraka za kijinga. Tulilala Babati.

Mtera tulisimama kununua samaki wa kukaanga. Pale kuna miti mikavu imesimama majini tangu bwawa lijae, na juu yake wamejaa ndege weusi, mabawa wameyatandaza kama nguo kwenye kamba. Shangazi akauliza ni nini. Shemeji, anayejua kila kitu, akasema kunguru. Shangazi akamtazama. "Kunguru hakai kwenye maji hivyo. Hao wamelowa, wanajianika." Baadaye nikasoma: ni minandi. Manyoya yao yanashika maji, tofauti na ya bata, kwa hiyo wakitoka kuzamia samaki lazima wajianike. Shangazi hajui kusoma vitabu vya ndege, lakini aliliona hilo kabla hajamaliza mkia wa perege.

Hapo ndipo ningeshtuka kuwa tumebeba mtaalamu. Sikushtuka.

Naendelea jioni, kuna mteja wa mbao mbili kwa nne hapa.

Kijana wa Kihesa

Nimeweka mkeka. Ila mkuu, uzi wa mbuga bila picha?

Ndaga_Fijo

Ugonile mkuu. Mimi niko Uyole, na nina swali la uchokozi. Mnatoka Nyanda za Juu Kusini, mnapita kilometa mia sita na zaidi kwenda kuangalia ndege, na Ihefu mmeiacha hapa Usangu? Ardhioevu ile iliingizwa Hifadhi ya Ruaha 2008, na Ruaha nzima ina zaidi ya aina 570 za ndege. Manyara mara nyingi inatajwa kuwa na 400 na kitu. Kitulo nayo, mmeipita kwenye ramani? Kusema kweli huu ni ugonjwa wa watu wa kusini, kitu kizuri lazima kiwe kaskazini.

MamaParachichi_Njombe

Ndaga, mwache mwenzio amalize. Kitulo tunaijua, bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005. Ila kumpandisha bibi wa miaka 70 kule juu na baridi ile, mvua ya Desemba, utambeba wewe?

MbaoZaMafinga

Ndaga, ndaga. Hoja yako nimeibeba, nitakujibu mbele. Naendelea.

Babati tuliondoka asubuhi. Kabla ya kufika Makuyuni unapita Minjingu. Shangazi alikuwa anasinzia, akaona kibao, akashtuka: "Minjingu? Hii Minjingu ya mfuko?" Mbolea yake ya kupandia. Akageuka kuangalia vilima vile vyeupe mpaka shingo ikaisha. "Kumbe inachimbwa. Mimi nilijua wanapika." Kisha akalala tena. Kumbukeni hii Minjingu, nitaihitaji.

Makuyuni unakunja kushoto, kilometa kama 37 unaingia Mto wa Mbu. Ni mji wa ndizi nyekundu, mbu (jina si la utani) na makabila ya nchi nzima. Lango la hifadhi liko hapo hapo, ukuta wa Bonde la Ufa umesimama juu yake kama kabati.

Viingilio: mtu mzima Mtanzania tulilipa shilingi 10,000 kabla ya kodi, mtoto 2,000. Hakuna pesa taslimu, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Kitambulisho cha Taifa beba, shangazi alikuwa nacho ndani ya leso ndani ya leso. Gari nalo lina tozo yake. Gari letu tuliliacha nyumba ya wageni, ni la chini, mvua ilikuwa imenyesha. Tukakodi la safari lenye paa la kufunguka, laki nne kwa siku pamoja na dereva na mafuta. Gawanya kwa watano. Si bei ya karanga, lakini si ile niliyokuwa nimeogopeshwa.

Siku ya kwanza sasa. Kampuni siitaji. Dereva wao alikuwa kijana mwepesi, redio mkononi. Tulipoingia tu getini ikalia: kuna simba huko kusini. Akakanyaga. Wakuu, tulipita kwenye msitu ule kama basi la usiku. Naona mikuyu yenye shina la watu watano kushikana mikono, mimi mtu wa mbao, nataka kusimama nilie kidogo, jamaa anasema "tutarudi, tutarudi." Tembo pembeni, tutarudi. Twiga, tutarudi. Kufika huko kusini magari saba yamezunguka mgunga mmoja, watalii wamesimama juu ya viti, na juu ya mti hakuna kitu. Simba ameshashuka. Kijana wangu akasema "lile tawi ndilo alilolalia," akapiga picha tawi.

Jioni kurudi, hatukurudi kokote. Muda umeisha, lango linafungwa saa kumi na mbili. Shangazi akashuka kwenye gari akajipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mmenileta kuangalia ndege au kuangalia magari?"

Usiku ule mimi na mama watoto tukaongea. Kesho yake tukabadilisha dereva.

Kijana wa Kihesa

Picha ya tawi iwekwe 😂😂

Sululu wa Ipogolo

Hiyo ya kukimbiza simba imenikuta na mimi Ruaha. Dereva anakuuzia simba kwa sababu mgeni asipomwona simba hatoi bakshishi. Mwambieni mapema kabla hamjawasha gari: sisi tunataka ndege, simba akipita njiani tutamsalimia.

Ila tuelewane kuhusu hao simba wa Manyara. Kupanda miti si uchawi wa Manyara peke yake. Ishasha kule Uganda wanapanda, Serengeti wanapanda. Wengine wanasema wanakimbia nzi wanaouma, wengine wanasema joto na upepo wa juu, wengine wanasema wanakwepa nyati na tembo. Wataalamu bado wanavutana. Na Manyara yenyewe unaweza kwenda mara tano usimwone hata mmoja mtini.

Afande Mstaafu

Na tembo msiwadharau kwa sababu ya simba. Utafiti mkubwa wa maisha ya tembo porini ulifanyika hapo Manyara. Iain Douglas-Hamilton alianza 1965, akawa anawatambua mmoja mmoja kwa masikio na meno, kama wewe unavyotambua ng'ombe wa zizi lako.

MbaoZaMafinga

Asante afande. Siku ya pili dereva wetu alikuwa mzee wa makamo, mkimya. Nikamwambia maneno kama ya Sululu hapo juu. Akazima redio. Akamgeukia shangazi: "Shikamoo mama. Wewe unataka nini?" Shangazi: "Marahaba. Nataka kukaa."

Na huo ndio ushauri wangu wote wa uzi huu, mengine ni maelezo.

Hifadhi ya Ziwa Manyara ni nyembamba. Upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa, upande mwingine ziwa, katikati kipande cha nchi. Ilipotangazwa hifadhi 1960 na miaka mingi baadaye ilikuwa kama kilometa za mraba 330 tu, na zaidi ya nusu yake maji ziwa likijaa. Ndiyo maana inakubali mtu asiye na haraka. Ndani ya kilometa chache unatoka msituni, unaingia kwenye migunga, unatokea uwandani, unafika majini. Kila tabaka na ndege wake. Ndaga, hilo ndilo jibu langu kwako: Ihefu ni tajiri zaidi, sikatai, lakini ni tambarare kubwa, na mtu wa gari la kawaida na bibi nyuma anaizungukaje?

Msitu wa langoni ulinichanganya kichwa kama mtu wa miti. Mvua ya pale si nyingi kiasi hicho, sasa miti mikubwa vile inakunywa nini? Mzee akatuonyesha: maji yanachuruzika chini ya ukuta wa bonde. Mvua inanyesha huko juu nyanda za Karatu, inazama kwenye mwamba, inakuja kutokea chini kama chemchemi. Ni msitu unaonyweshwa na mvua ya wenzao. Nyani pale wanakaa barabarani kama wazee wa baraza, hawasogei mpaka uombe.

Hapo kuna daraja la kamba la kutembea juu ya miti, mita 370, limefika mita 18 kutoka chini. Sisi tukapanda. Shangazi akakataa, akabaki na mlinzi chini ya mkuyu. Juu tukatembea, tukapiga picha zetu wenyewe, tukashuka. Tukamkuta shangazi ameinamisha kichwa nyuma, kidole mdomoni, ananyamazisha na mlinzi pia. Juu kabisa kwenye mkuyu hondohondo wawili wanakula tini. Wale wakubwa, weusi kwa weupe, mdomo umebeba mdomo mwingine juu yake. Anachuma tini kwa ncha, anairusha, anaidaka kooni. Moja ikaponyoka, ikampiga shemeji begani. Walipoondoka mabawa yalivuma kama mtu anakung'uta jamvi.

Mlinzi akatueleza kuwa jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti, wanaziba mlango kwa udongo, unabaki ufa wa mdomo tu. Dume analisha kwa ufa huo wiki kwa wiki. Mama watoto akanitazama. Nikasema mbona mimi pia naleta unga.

MamaParachichi_Njombe

Nimecheka mpaka wateja wameniangalia. Sasa wewe unazibwa lini?

Kijana wa Kihesa

Mkuu, darubini gani? Kuna moja naiona mtandaoni imeandikwa 20x50, bei nzuri.

Sululu wa Ipogolo

Kijana, usinunue hiyo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 20 ni nyingi mno kwa mkono wa mtu: ukipumua ndege anatoroka kwenye kioo. Chukua 8x42. Inakuza kiasi, inaingiza mwanga, na eneo unaloona ni pana kwa hiyo unampata ndege haraka. Na jua lisiwe mbele yako, ziwani asubuhi simama upande wa mashariki wa ndege.

MbaoZaMafinga

Sisi tulikuwa na moja, ya kuazima, ya shule. Shangazi aliijaribu mara moja akairudisha. "Inanionyesha ndege mmoja, inanificha wengine wote."

Sasa sehemu niliyofungulia uzi.

Kaskazini ya hifadhi kuna bwawa la viboko, mahali mto unapoingia ziwani, na kuna sehemu mnaruhusiwa kushuka kwenye gari. Tulifika saa tatu asubuhi. Tukaondoka saa sita na nusu. Saa tatu na nusu, wakuu, sehemu moja! Magari mengine yalikuja, yakakaa dakika kumi, yakapiga picha kiboko, yakaondoka. Nilihesabu kumi na moja.

Ziwa limepanda miaka ya karibuni, miti iliyokufa imesimama majini kama Mtera vile. Ni ziwa la magadi, halina kina. Hata likijaa maji si marefu kama unavyodhani ukiliona lilivyotanda. Mbali kabisa kulikuwa na mstari wa waridi. Heroe, wengi tunawaita flamingo. Karibu walikuwa wari. Kijana akauliza kwa nini ndege anaitwa mwari kama binti aliyewekwa ndani, mama yake akamwambia utajua ukikua, hapo mjadala ukafungwa. Wari walijipanga mstari wa nusu duara, kama kumi na tano, wanaogelea pamoja wakisukuma samaki kwenye maji machache, halafu wote kwa pamoja, kama wameambizana, vichwa ndani. Vinatoka vikining'inia mifuko. Unasubiri kidogo, mstari unaundwa tena.

Ila aliyenishika mimi ni korongo mmoja, yule mweupe mwenye mdomo wa njano na uso mwekundu. Alikuwa mita kama ishirini. Amesimama majini, mdomo umezama, uko wazi kidogo, hautembei. Kinachotembea ni mguu. Mguu mmoja unachochea tope, taratibu, kama mtu anayetafuta kandambili gizani chini ya kitanda. Macho hayatazami hata maji. Nikasema huyu amelala. Shangazi akasema ngoja. Tukangoja. Mguu, tope, mguu, tope. Ghafla mdomo ukafunga, sikuona ukifunga, niliona umefungwa tu, na mkia wa samaki unapiga pembeni. Hawindi kwa macho, anasubiri samaki aguse mdomo. Shangazi akacheka kimoyomoyo. "Huyo ni mtego wenye miguu."

Nikaanza kugundua kuwa kila kitu tunachoona, yeye ametangulia kukiona. Furukombe juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, sisi tumempita kwa darubini mara tatu. Mdiria mdogo kwenye unyasi. Domomwiko watano ndani ya kundi la yangeyange, wote weupe, nani angewatofautisha? Kijana alikuwa na daftari anaandika, akaanza kuweka alama ya nani ameona kwanza. Nikamwuliza shangazi anafanyaje.

Akasema, "Nimekaa ulingoni."

Wenye umri wangu mnajua, wadogo niwaeleze. Mtama ukianza kukomaa, watoto wanapelekwa shambani kuamia ndege. Unapanda kwenye ulingo kabla jua halijatoka, una kombeo na debe, unakaa mpaka jua lizame. Ukisinzia, kwelea wanashuka kama moshi na nyumba inalala njaa. Shangazi alifanya hivyo Pawaga kuanzia miaka sita mpaka alipoolewa. Akatufundisha pale pale, kwa sauti ndogo:

"Usimtafute ndege. Tazama pote, legeza macho. Tafuta kinachotikisika na upepo haupo. Ndege wadogo wakinyamaza ghafla, tazama juu. Na ukishamwona mmoja usimkodolee, ndege anajua anapotazamwa."

Mimi nimelipa laki nne kwa siku, na elimu nilikuwa nayo nyumbani inapalilia mahindi.

Hakuwapenda lakini, msidhani. Kila kundi lililopita alikuwa anauliza, "Na hawa wanakula nini?" Nikisema samaki, anatulia. Nikisema mwani, anatulia. Walipopita mnana kwenye matete akakunja uso, mkono ukatafuta kombeo ambalo hakuwa nalo.

Chakula cha mchana ndipo tulipoibiwa. Nyani dume alishuka mtini, akatembea bila haraka, akachukua mfuko wa vitumbua mezani. Shangazi akamrukia na ule ukelele wa shambani, wa Pawaga, mimi mwenyewe nywele zikasimama, watalii wakaangusha vikombe. Nyani akasimama. Akamtazama. Mtu na nyani wakatazamana hivi. Halafu akaondoka na vitumbua vyake. "Huyu wa kwetu angekimbia," shangazi akasema. "Huyu amezoea Wazungu."

Daftari la kijana: aina 61 kwa siku hiyo moja. 38 shangazi wa kwanza. Mimi nina 6, mojawapo ni kanga. Shemeji ana 2 na bado anabishana kuhusu mmoja.

Ndaga_Fijo

Mkuu, nimenyoosha mikono. Hilo la ulingo limenigusa, mama yangu ameamia mpunga Usangu. Ila hoja yangu naiacha mezani: Ruaha Mkuu, mto unaopewa maji na hiyo Ihefu, ulikauka kiangazi kwa mara ya kwanza 1993. Tusipokwenda kuangalia cha kwetu tutakuja kukisimulia tu. Shangazi akipata nguvu mlete Usangu kiangazi, gari la juu natoa mimi.

MbaoZaMafinga

Ndaga, umeandika mbele ya watu. Nimeshamwambia, ameuliza palizi ya nani itakuwa imesimama.

Kijana wa Kihesa

Na hao flamingo, mliwaona karibu?

MbaoZaMafinga

Hapana. Maji yakiwa mengi wanakaa mbali, na simu yangu iliwageuza kuwa mchirizi wa lipstiki. Mzee dereva alisema hawakai sehemu moja, leo hapa, wiki ijayo ziwa jingine la magadi, wanafuata mwani. Kuzaliana wanakwenda Ziwa Natron. Kwa hiyo atakayekuahidi flamingo kwa tarehe, huyo anakuuzia simba wa mtini. Ukienda kati ya Novemba na Aprili utapata faida nyingine, ndege wageni kutoka Ulaya wamekuja kukimbia baridi. Ubaya wake ni matope. Chagua mwenyewe.

Udongo_na_Mbegu

Habari zenu. Nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu aseme, naona hakuna. Mkuu ulisema tuikumbuke Minjingu na hukurudi.

Mimi ni mtu wa udongo. Ile fosfeti ya Minjingu si mwamba wa kawaida. Zamani sana Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko sasa, na vile vilima ulivyoviona vilikuwa visiwa au kando ya maji. Ndege walikuwa wanalala hapo kwa maelfu ya miaka: kinyesi, mifupa, mabaki ya samaki. Vikarundikana, vikafunikwa, vikawa fosfeti. Ukichimbua unakuta mifupa ya ndege, na iliyo mingi ni ya minandi. Hao hao uliowaona Mtera wakijianika, ila wa aina ya kale.

Kwa hiyo shangazi anapandia mahindi kinyesi cha ndege wa Manyara. Mpelekee salamu.

MamaParachichi_Njombe

Wewe! Mbolea ya Minjingu ni ndege??

MbaoZaMafinga

Udongo, mimi niliitaja Minjingu kwa sababu ya ule mfuko wa mbolea wa shangazi, tulitaka kuufanyia mzaha tu. Hili sikulijua kabisa. Ngoja, yuko shambani, naenda.

Ndaga_Fijo

Tunasubiri hapa hapa.

Kijana wa Kihesa

Mkuu usipotee.

MbaoZaMafinga

Nimerudi. Nilimkuta kwenye mstari wa nne, jembe mkononi. Nikamweleza yote, ziwa kubwa, visiwa, minandi, maelfu ya miaka. Nikamalizia nikijiona nimesema jambo: shangazi, wale ndege uliowafukuza utotoni ndio wanaokulimia mahindi sasa, wameshalipa deni.

Akasimama. Akaegemea jembe. Akauliza, "Wale weusi wa Mtera?"

Nikasema ndiyo, ukoo wao.

"Wale wanakula samaki," akasema. "Wangu walikula mtama. Hawajalipa kitu."

Akainama akaendelea na mstari.